Chumba cha Mandhari

Kicheko kilitoka jikoni tena, na kalamu ya Horace Winstanley ikateleza. Alikuwa amekaa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, amevaa koti la kutokea, skafu shingoni na glovu alizozikata vidole, akichora hospitali. Makaa yalikuwa yakiwaka nyuma yake tangu asubuhi, lakini yalimpasha mgongo tu. Magoti yalibaki na baridi yake. Huko jikoni mkewe Mabel alikuwa akicheka, na aliyemchekesha alikuwa mpangaji.

Horace alitega sikio. Sauti ya Clement Rudge ilikuwa ikisimulia jambo, taratibu, kwa madaha. Ivy, binti yake wa miaka minane, akadakia neno, na wote watatu wakacheka pamoja. Horace alijaribu kukumbuka mara ya mwisho yeye kumchekesha Mabel, akaona anajitafutia maudhi, akachukua wembe na kuanza kukwangua wino uliokwenda kombo.

Rudge aliteremka melini mwanzoni mwa majira ya baridi ya mwaka huo wa 1910, akiwa na masanduku mawili na salamu za kasisi wa Preston. Preston ndiko walikotoka Horace na Mabel. Mtu akija kutoka mji wenu humwachi hotelini; unampa kitanda mpaka apate pa kujishikiza, na ukimnyima, mji mzima wa Port Merrow utajua kabla ya Jumapili. Kwa hiyo Horace alimpa kitanda, akampa na tabasamu, na tangu siku ile roho haikutulia.

Watu wa Port Merrow waliiita Uingereza Nyumbani, hata wale waliozaliwa pale pale kusini mwa Nyuzilandi na hawajawahi kupanda meli. Kibao cha shaba mlangoni kwa Horace kilisema, H. Winstanley, Msanifu Majengo, kutoka Nyumbani. Maneno hayo mawili ya mwisho yalimlisha miaka tisa. Benki aliichora yeye, na maduka manne ya barabara kuu, na kanisa la Wamethodisti pamoja na vyoo vyake. Lakini mtu wa kutoka Nyumbani ni kama mkate, watu wanataka wa leo. Meneja wa benki alimwalika Rudge kucheza tenisi, Horace hajawahi kualikwa hata kuangalia. Wanawake kanisani walimzunguka Rudge kumwuliza mikono ya magauni huko London siku hizi ni mipana au ya kubana, naye akawajibu. Na kilichomkereketa Horace kuliko vyote ni kwamba Rudge alifanya kazi London katika ofisi ambayo yeye aliwahi kuiandikia kuomba nafasi, asijibiwe.

Sasa kamati ya mji ilikuwa imetangaza shindano la ramani ya hospitali ya watoto wenye maradhi ya vifua, itakayojengwa juu ya kilima kile kile chenye nyumba ya Horace. Ramani zingepokelewa bila majina, kila moja na alama yake, na jina ndani ya bahasha iliyofungwa. Horace alikuwa anashindana. Rudge naye alikuwa anashindana. Walikuwa wanakula meza moja, wanapitishiana chumvi, kisha mmoja anakwenda kuchora mbele kwenye baridi na mwingine anachorea pale pale jikoni, baada ya Mabel kufuta makombo.

*

Mchana huo kulikuwa na nyama ya kondoo, viazi na kabichi. Horace aliingia jikoni akisugua mikono, na joto la mle ndani likampiga usoni. Dirisha la jikoni lilikuwa limejaa jua. Paka alikuwa amejinyoosha kizingitini mwa dirisha bila habari na mtu.

"Baba," Ivy akasema, "Bwana Rudge anasema London watu wanapanda treni chini ya ardhi, humo humo kwenye mashimo."

"Na panya nao wamo humo humo," Horace akasema.

"Wamo, tena wengi," Rudge akakubali kwa furaha. "Wengine nawajua kwa majina. Kuna mmoja alikuwa anashuka kituo kimoja nami kila asubuhi."

Mabel akajifunika mdomo kwa leso. Horace aliona mabega yake yakitikisika, akakata nyama yake vipande vidogo vidogo kuliko ilivyohitajika.

"Horace, lete ubao wako huku," Mabel akasema alipotulia. "Utaganda huko mbele. Meza hii ni kubwa, mnatosha wote wawili."

"Siwezi kufanya kazi sokoni."

"Sisi ndio soko?"

"Nimesema tu. Na huku hakuna mandhari."

"Hapo umenena, Bwana Winstanley," Rudge akadakia. "Chumba chenu cha mbele kina mandhari ya kumtoa mtu machozi. Bandari yote iko miguuni pako. Ukweli ni kwamba hicho chumba ndicho kilichonipa wazo la hospitali yangu."

Mabel akasimama. Aliinua sahani ya Ivy, ingawa mtoto alikuwa hajamaliza, akaenda nayo kwenye beseni.

Ni vizuri msomaji aambiwe habari ya chumba hicho, maana mjini hapo kila mtu aliijua ila mwenye nyumba alidhani haijulikani. Uingereza jua hupita upande wa kusini, na kila mwanafunzi wa kuchora nyumba hufundishwa kuelekeza sebule kusini, jiko kaskazini. Kule chini duniani jua hupita kaskazini, na kusini hutoka upepo wa barafu. Horace aliyajua hayo alipoteremka melini, kama anavyoyajua mtoto yeyote wa shule. Lakini kichwa kilijua na mkono haukujua. Alipochora nyumba yake ya kwanza, ambayo ndiyo hii, mkono ulichora Preston. Alipokuja kugundua, paa lilikuwa tayari limepanda. Badala ya kusema nimekosea, alisema tulitaka mandhari ya bandari, na Mabel akasimama kando yake akasema ndiyo, tunapenda sana mandhari. Tangu hapo kila mgeni aliyekaribishwa sebuleni akatetemeka na kikombe chake aliambiwa habari ya mandhari.

*

"Njoo uione," Rudge alisema baada ya chakula. "Najua si utaratibu. Lakini sisi tunalala chini ya paa moja, na mimi hapa ni mgeni. Nani mwingine wa kumwuliza?"

Muungwana angekataa. Horace mwenyewe alikuwa akiifunika ramani yake kwa shuka kila alipotoka chumbani. Lakini hamu ya kuona ilimzidi nguvu, akajiambia atatupa jicho mara moja tu, akainama juu ya meza.

Ilikuwa kazi nzuri, nzuri kwa namna ambayo yeye asingeifikia hata angepewa mwaka mzima. Ngazi zilikuwa fupi kwa miguu ya watoto. Madirisha yalishuka chini ili mtoto aliyelala aone nje bila kuinua kichwa. Kulikuwa na chumba kidogo cha mama anayekesha, chenye kochi, kitu ambacho Horace hakukiwazia kabisa. Kijicho kilimbana kifuani mpaka akakohoa.

"Na hili ndilo baraza," Rudge akasema, akipitisha kidole bila kugusa karatasi. "Vitanda vyote vinatolewa nje mchana. Watoto watalala wakitazama meli zikiingia."

Jicho la Horace lilikwenda kwenye mshale mdogo uliochorwa pembeni, ule unaoonyesha kaskazini. Likarudi kwenye baraza. Likaenda tena kwenye mshale. Baraza la watoto wa vifua, vitanda vyote ishirini, lilikuwa limeelekezwa kusini, kwenye upepo.

Ni aibu kusema alichosikia Horace wakati huo, lakini alisikia furaha. Ilimpanda polepole, tamu. Yule kijana wa London, na tenisi yake na panya wake, alikuwa amefanya kosa lile lile, la mkono usiojua.

"Ungebadilisha nini?" Rudge akauliza. "Sema bila kunionea haya. Mimi ni mtoto mdogo hapa."

Horace alinyoosha mgongo. Nyuma yake Mabel alikuwa akikoroga sufuria, na mwiko ukaacha kukoroga.

"Usiguse hata mstari," Horace akasema. "Mandhari kama hayo, kamati haiwezi kuyakataa."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Maliza hivyo hivyo."

Rudge akaona haya, akashukuru, akasema hajui angefanyaje bila yeye. Horace alipogeuka kwenda zake alikutana na macho ya Mabel. Mabel alikuwa akimnakilia ramani zake kwenye kitambaa chepesi cha kunakilia michoro tangu wakiwa wachumba. Mshale wa kaskazini aliujua vizuri kama anavyojua sindano. Alimtazama mumewe, kisha akageukia sufuria yake.

*

"Kazi ya kijana umeionaje?" Mabel aliuliza jioni ile, akiwa anasuka nywele zake kabla ya kulala.

"Nzuri."

"Nzuri tu?"

"Unataka nimwimbie? Wewe na Ivy mnamwimbia vya kutosha."

"Sikuuliza habari ya kuimba."

"Basi uliuliza nini?"

Mabel alifunga utepe mwishoni mwa msuko. "Ramani zinapokelewa Jumamosi, sivyo? Mtu bado ana muda wa kurekebisha, kama kuna la kurekebisha."

"La kurekebisha lipi?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye msanifu."

Horace akapiga mto ngumi, akageukia ukutani. Asubuhi Mabel alimmiminia chai akamwambia tena, kwa upole, kwamba Rudge anamwamini mno. Horace akajibu kwamba anaona, na kwamba wapo wanaomwamini Rudge pia, tena wanamkaangia mayai mawili wakati mwenye nyumba anakula moja. Mabel akatazama sahani. Ilikuwa kweli, mayai yalikuwa mawili. Rudge alikuwa mwembamba na Mabel hakuwahi kuwazia zaidi ya hapo, lakini alijikuta amekosa la kusema, na Horace akauchukua ule ukimya kama ushahidi.

Siku nzima hiyo Horace hakuchora. Alisimama ukumbini akijifanya anatafuta mwavuli, akisikiliza. Alihesabu kila neno. Mabel alisema, "Bwana Rudge, umekula kweli?" na Horace akaona anajua hilo neno 'kweli' limebeba nini. Rudge aliimba wimbo wa kanisani na Mabel akamwitikia sauti ya pili. Nyimbo za kanisani, Horace akajiambia, ndizo za kuanzia.

*

Jumatano jua lilitoka zuri. Mabel aliinua kapu la nguo mbichi, akafungua mlango wa nyuma.

"Bwana Rudge, hebu nisaidie kulishika hili."

Rudge aliacha kalamu, akatoka na shati tu, bila koti. Uani nyuma ya jiko palikuwa na kamba ndefu kati ya nguzo mbili. Mabel alikuwa na vibanio mdomoni, akatundika shuka la kwanza, la pili, na foronya zake.

"Ningekuwa mimi ningeanika mbele," Rudge akasema. "Kule kuna uwazi zaidi. Na shuka nazo zingeona bandari."

"Mbele hazikauki."

"Hata na upepo wote ule?"

"Hata na upepo." Mabel akatoa kibanio mdomoni. "Miaka yote hii hakuna leso iliyowahi kukauka mbele ya nyumba hii wakati wa baridi. Ivy aliposhikwa na kifua tulimhamishia jikoni na kitanda chake akalala pale pale mpaka majira yakaisha. Bwana Rudge, jua liko wapi?"

Rudge alicheka, akainua uso kulitafuta. Jua lilikuwa juu ya bomba la moshi la jirani, nyuma ya nyumba. Akalitazama mpaka macho yakamtoka machozi. Akageuka kutazama nyumba, kivuli chake kirefu kikianguka upande wa bandari. Kapu lilimponyoka, foronya zilizobaki zikamwagika kwenye majani.

"Mungu wangu," akasema. "Ni kaskazini."

"Ndiyo."

"Nimewalaza watoto kwenye barafu."

"Bado hujawalaza. Leo ni Jumatano."

"Lakini Bwana Winstanley aliitazama. Alisimama pale akaitazama yote."

Mabel aliinama kuokota foronya. "Ana mambo mengi kichwani," akasema. "Nenda kachore."

Rudge alimshika mkono, akautikisa kwa mikono yake miwili, maneno yakikosa kutoka. Kisha akakimbilia ndani.

Dirisha dogo la ukumbini linatazama uani. Horace alikuwa amesimama hapo na mwavuli wake. Maneno hakuyasikia. Aliona vichwa viwili karibu karibu kati ya mashuka, akaona kapu likianguka, akaona mkono wa mkewe ndani ya mikono ya yule kijana. Akakaa juu ya kabati la viatu.

*

Alingoja mpaka Ivy apelekwe kwa jirani. Mabel alikuwa chumba cha mbele akipangusa vumbi, na Horace akafunga mlango.

"Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona nini?"

"Uani. Alikushika mkono."

"Alikuwa ananishukuru."

"Kwa lipi? Kwa mayai?"

Mabel aliweka kitambaa chini. Pumzi yake ilikuwa inaonekana hewani, mle ndani ya nyumba. "Kwa kitu ambacho ungeshukuriwa wewe, Horace, kama ungekisema. Nilikungoja. Nilikungoja mezani, nilikungoja kitandani, nikakungoja na asubuhi kwenye chai."

Horace alielewa, na kilichomshangaza mwenyewe ni kwamba kuelewa hakukumpa nafuu. Kama mkewe angekuwa amempenda mwingine, angejua la kufanya. Kuna maneno yake na kuna milango ya kubamiza.

"Umemsaidia mshindani wangu," akasema. "Ndani ya nyumba yangu."

"Ivy alipokohoa damu, ulimlaza wapi?"

Horace aligeukia dirisha, akatazama bandari.

"Nakuuliza. Kitanda chake ulikibeba wewe mwenyewe. Ulikipeleka wapi?"

"Jikoni."

"Basi ulijua."

"Ni shindano, Mabel. Hakuna anayemfungulia mwenzake macho kwenye shindano. Anakuja hapa, anakula, anachekelewa, kila mlango unamfungukia. Mimi miaka tisa nimechora vyoo vya kanisa. Mara moja tu nimeona kitu ambacho yeye hakukiona. Mara moja."

Mabel karibu amwonee huruma. Akachukua kitambaa chake.

"Watoto ishirini, Horace," akasema, akatoka akaenda jikoni, kwenye joto.

*

Kamati ilisoma matokeo katika ukumbi wa kanisa, mchana wa jua hafifu, kukiwa na chai na keki ya zabibu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Struthers, mnunuzi wa sufu, mzee wa Kiskoti mwenye sauti ya kuitia kondoo. Alivaa miwani akasoma maneno ya mwamuzi.

"Mwamuzi anasema iliyo bora, kwa sura na kwa utu, ni ramani yenye alama ya ndege. Anasema hajaona nzuri kama hiyo tangu aje nchi hii. Lakini haikukamilika. Kurasa mbili ni penseli tupu. Kwa hiyo kazi anapewa mwenye alama ya nanga, ambaye amekamilisha kila kilichotakiwa." Akafungua bahasha. "Nanga ni Winstanley wetu. Ndege ni bwana mdogo Rudge."

Watu wakapiga makofi. Wa kwanza kupiga alikuwa Rudge mwenyewe. Horace alisimama, akainama kidogo, akakaa. Alikuwa ameshinda, na mbele ya mji mzima alikuwa ameambiwa kwamba aliyeshindwa ni bora kuliko yeye.

"Na wewe kijana," Struthers akasema, "mkono kama huo, ulikwama wapi?"

"Nilikwama kwenye jua, bwana," Rudge akasema, na ukumbi ukacheka kabla hajaeleza. "Nilielekeza vitanda vyote kusini, kama Nyumbani. Bi. Winstanley akanionyesha kamba yake ya nguo, nikaanza upya Jumatano. Nina aibu, lakini afadhali aibu. Na tena kosa lenyewe lilikuwa limejificha kabisa, hata Bwana Winstanley aliitazama akaniambia nisiguse..."

Alisikia anachokisema, akaishia hapo. Masikio yakamwiva. Hakuwa na ubaya wowote moyoni, na ndiyo maana maneno yalikuwa yametoka wazi hivyo.

Struthers akageuza miwani. "Winstanley, uliiona ramani hiyo?"

"Niliiona."

"Na jua hukuliona?"

Sauti ya mtu nyuma, karibu na birika la chai, ikasema, "Nyumba yake mwenyewe imelipa jua kisogo. Mnamwuliza nini?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hapo ndipo Horace alipojua kwamba wamejua siku zote. Kila aliyeketi sebuleni kwake akasifu mandhari alikuwa akimsitiri, au akienda kumcheka nje. Alishika kiti cha mbele yake. Akisema hakuliona jua, ni mpumbavu, na nani atampa mpumbavu hospitali? Akisema aliliona, ni mtu aliyetaka watoto wa wenzake walale kwenye baridi ili yeye ashinde.

Mabel alisimama. Alikuwa amevaa kofia yake ya Jumapili, na glovu alizishika mkononi.

"Aliliona, Bwana Struthers," akasema. "Aliliona mara tu alipoinama."

Rudge akamtazama Horace. Horace alitazama sakafu, akiona mbao zake moja moja.

"Lakini walikuwa wanashindana," Mabel akaendelea, "na Rudge ni mgeni wetu. Mume wangu akasema mkubwa akimsahihisha mdogo mbele ya watu, kijana ataona haya. Akajifanya hakuona kitu, akaniambia nimtoe nje nimwonyeshe mimi, kwa mzaha."

Makofi ya safari hii yalikuwa ya kweli. Struthers alivua miwani akasema hayo ndiyo mambo, hayo ndiyo yanayomfanya mtu apewe watoto wetu. Rudge alipita katikati ya viti, akaukamata mkono wa Horace kwa mikono yake miwili, kama alivyoukamata wa Mabel, macho yakimlengalenga.

"Sikujua," akasema. "Nisamehe. Nilikuwa nimeanza kukufikiria vibaya."

"Si kitu," Horace akasema.

*

Kilimani Mabel alitangulia na Ivy, wakishikana mikono. Horace aliwafikia langoni. Mtoto alikimbilia ndani kumtafuta paka.

"Mabel," akasema. "Asante."

"Usinishukuru."

"Umeniokoa."

"Nimeiokoa nyumba. Ivy anaishi humu." Alikuwa anatazama ukuta wa mbele, ulioota kuvu ya kijani chini ya madirisha. "Kwa miaka tisa nimewaambia watu uongo mmoja, kwamba tulipenda mandhari. Nilikuwa nausema na meno yanagongana. Leo nimesema wa pili. Wa tatu sina, Horace. Ukiuhitaji, utautafuta mwenyewe."

Rudge aliondoka wiki iliyofuata kwa meli ya kwenda Wellington, alikopata kazi. Alimbusu Ivy kichwani, akawashika wote mikono, na Horace akambebea sanduku moja mpaka gatini. Meli ilipong'oa nanga alingoja kusikia raha. Alirudi nyumbani akipanda kilima haraka, kama mtu anayewahi kiti.

Jumatatu asubuhi aliubandua ubao wake wa kuchorea kutoka kwenye miguu ya mbao inayoubeba, akaubeba kwapani pamoja na rula na wino, akapita ukumbini. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Meza yote ilikuwa kwenye jua. Mabel alikuwa akikanda unga upande mmoja, Ivy upande wa pili akitengeneza paka wa unga, na paka mwenyewe alikuwa amelala kwenye kiti cha Rudge. Horace alisimama kizingitini. Alimwonea wivu hata yule paka.

"Mabel," akasema. "Pana nafasi?"

Mabel aliinua uso. Alikuwa na unga shavuni. Aliutazama ubao, akaitazama meza, akamtazama mumewe kwa muda.

"Huku hakuna mandhari, Horace," akasema, bila hasira, akarudi kwenye unga wake.

Horace alirudi mbele. Alisimika ubao, akavaa koti na glovu zake, akapuliza vidole. Bandari ilikuwa pale dirishani, yote, ya kijivu. Akatandika karatasi mpya na kuanza kuchora baraza la hospitali, vitanda ishirini, akiyaelekeza madirisha yote kwenye jua. Hakuwa amefika kitanda cha tano aliposikia kicheko kikitoka jikoni, kile kile, cha Mabel na cha mtoto. Kalamu ilisimama. Akasikiliza mpaka mwisho, na mle ndani hamkuwa na sauti ya mwanamume yeyote.